Mpimaji Hakuwepo

Faili lina mistari elfu nane mia saba na sitini,
mstari mmoja kwa kila saa ya mwaka,
na mwaka wenyewe haujawahi kuwako.
Januari waliiokota huku, Februari kule,
wakaziunga kama shuka la viraka,
wakauita mwaka wa kawaida.
Boróka huufungua kabla kahawa haijapoa.

Nje, Szeged inaamka, tramu inakwaruza kona.
Mezani pametandazwa nyumba ya wazee isiyojengwa bado:
ghorofa mbili, vyumba thelathini na viwili,
madirisha yote makubwa yameelekezwa magharibi
maana mchoraji anapenda machweo.

Kazi yake ni kuuzeesha mwaka.
Si kujumlisha tu, kama mwenye duka apandishavyo bei.
Kwanza unausogeza: kila saa ipande ngazi.
Kisha unaunyoosha: mchana uvutike kuliko usiku.
Jua uliongeze kidogo, mawingu yatakuwa machache.
Unyevu uukague upya,
usije ukaitwisha hewa maji isiyoweza kuyabeba.
Upepo uuache.
Upepo, hata wakubwa wa hesabu wanaukohoa tu.

Julai ilitoka mwaka wa tisini na nne.
Julai ile anaijua.
Baba yake, Ambrus, ndiye aliyekuwa mpimaji:
kila saa alifungua kisanduku cheupe chenye mbao kama mbavu,
akafumba jicho moja mbele ya zebaki,
akaandika kwa penseli. Kalamu hakuiamini.

Tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri, pana pengo.
Mtu fulani ofisini alivuta mstari mnyoofu
kutoka saa nane hadi saa kumi, akaliziba,
akaenda zake kula.

Saa ile ilikuwa juu ya baiskeli.
Msichana wa miaka saba alianguka kutoka kwenye mforsadi
midomo ingali myeusi kwa matunda,
mkono umepinda pasipo na kiungo,
na baba akaacha kisanduku wazi, akakanyaga.
Hakuna aliyeipima hewa ile.
Yeye anayo: shingo ya baba yenye chumvi,
lami ikinata kwenye magurudumu kama ulimbo.

Leo anaiongezea nyuzi nne na nusu.

Kompyuta inaikalisha nyumba mwaka mzima kwa dakika tatu.
Chumba cha kumi na saba, ghorofa ya juu,
usiku wa manane, nyuzi thelathini na moja.
Ukuta unarudisha deni la mchana, na riba.
Boróka anahesabu kwa vidole: mwaka elfu mbili sitini na tano
atakuwa na umri wa miaka sabini na minane.
Anaacha kuhesabu.

Bwana Kerekes wa manispaa anavua miwani.
"Hali hii ya hewa umeitoa wapi? Haijatokea."
"Hata ile ya zamani haikutokea," anasema,
"ila tuliizoea."
Wanabishana hadi chai inaota ngozi.
Vifuniko vya madirisha vina gharama.
Mwisho anatoa nusu: ghorofa ya juu ivipate,
ya chini ipandiwe miti,
na miti, kila mtu anajua, haina haraka.

Jioni anarudi kwenye Julai.
Angeweza kuufuta ule mstari mnyoofu,
akabuni joto la kweli zaidi. Anauacha.
Lakini kichwani mwa faili pana nafasi ya maelezo,
na pale, chini ya latitudo na jina la kituo, anaandika:
*Tarehe 14 Julai, saa tisa, mpimaji hakuwepo.
Alikuwa na udhuru.*

Anahifadhi. Anaendesha tena.
Mashine inayaruka maneno yale, kama ilivyofundishwa,
na kuanza kuhesabu joto.